Babu wa Juu ya Piano

Mama anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwao. Mwaka jana, nikitoka shule, nilikuwa nashuka treni Parramatta, hapa Sydney, na kumsubiri kwa mzee mmoja Mzungu aliyeishi peke yake, mpaka shifti iishe. Sebuleni, juu ya piano, palikuwa na picha ya kuchorwa ya babu wa mababu zake, waziri wa mfalme wa Uingereza katika karne ya kumi na nane: wigi jeupe, mashavu mekundu, glavu moja mkononi.

Siku ya kwanza mzee aliniuliza kama nataka kujua jina la huyo wa kwenye picha. Mimi ni mtu wa aibu, halafu kwetu mtu mkubwa hatajwi jina hovyo. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba nitamwita Babu tu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo na yeye akawa anamwita Babu. Mama akiingia na chai anaisalimia picha, "Shikamoo, Babu," na mzee, alivyofundishwa na Mama, anaitikia kwa niaba yake, "Marahaba."

Kidogo kidogo akanisimulia. Waziri alipogombana na mfalme akafukuzwa kazi, mkewe aliigeuza picha ikatazama ukuta. Baadaye mjukuu mmoja akaja nayo Sydney kwa meli, imefungwa ndani ya godoro. Lile doa la begani kwenye picha ni la paa lililovuja mzee akiwa mtoto. Mimi nilisikiliza tu. Kuuliza, sikuuliza.

Majira ya baridi mzee akafariki. Binti yake, aliyelelewa mbali, Perth, na mama yake, akaja kufunga nyumba, pamoja na mtu wa mnada. Huyo akasema picha ikiwa na jina, makumbusho yataitaka. Bila jina itauzwa na fanicha.

Mimi na Mama tulikuwa tumekwenda kusaidia kufungasha. Binti akanigeukia. "Baba alisema wewe ndiye unayejua habari zake."

Nikawaambia ya mfalme, ya godoro, ya paa. Sijawahi kuongea hivyo mbele ya wageni.

"Na jina lake?"

Nikamtazama Mama. Mama akainamisha kichwa.

"Tulikuwa tunamwita Babu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Juzi nimeiona kwenye simu, mnada wa ghala moja la Smithfield, katikati ya makabati: mwanamume asiyejulikana, ana doa begani. Mama akauliza naangalia nini, nikamwonyesha. Akajifuta mikono kwanza.

"Shikamoo, Babu," akasema.

Mimi ni mdogo, siwezi kuitikia.