Sauti Yangu Kwenye Geti la Kisugu

Miezi yangu ya kwanza Kampala niliogopa kila kitu isipokuwa lugha yangu. Niliogopa bodaboda, niliogopa wahadhiri, niliogopa hata matoke, maana sikujua huliwaje bila kunikwama kooni. Nilikuwa nimetoka Lindi kuja kusomea ualimu Kyambogo, safari ya basi iliyonivimbisha miguu, na siku ya kuniaga mama alisema afadhali ni Uganda, kule Kiswahili kinasikika, sitapotea. Nilimwamini. Mwambie mtu wa Lindi kwamba Kiswahili chake kinatisha, atakucheka mpaka machozi yamtoke.

Jumamosi moja nikaamua kuujua mji kwa miguu. Niliteremka kutoka Kyambogo, nikapita Bugolobi kwenye maghorofa na harufu ya viwanda, nikaendelea bila kumuuliza mtu, kwa ubishi wangu tu, hadi nikajikuta Kisugu na simu imezima. Alasiri ile mbingu ikafunga. Mvua ikamwagika na radi ambazo kwetu pwani sijapata kuzisikia, na mimi radi naziogopa tangu utotoni, wala sioni haya kusema. Nikakimbilia geti la kwanza nililoliona. Kwenye upenyo nikamwona bibi mmoja akianua nguo uani, na nyuma yake kibaraza kikavu.

Nikaligonga geti kwa ngumi. Mvua ilipiga kelele juu ya mabati, ikabidi nipaze sauti.

"Fungua, mama! Fungua haraka!"

Kwetu anayenyeshewa hata jina haulizwi. Yule bibi akaziachia nguo zikaanguka kwenye tope. Hakukimbilia ndani. Alipiga magoti pale pale, mikono juu, macho kwenye geti. Nikadhani ameshikwa na ugonjwa wa ghafla, nikazidi kugonga na kuita nipate kumsaidia. Kila nilipoita, alizidi kuinama.

Nyuma yangu mlango ukafunguka, halafu mwingine. Wanaume wakatoka kwenye mvua, mmoja na fimbo, mwingine na tofali. Mtu akasema, "Mubbi." Neno hilo la Kiganda nililijua. Wenzangu bwenini walikuwa wamenieleza yanayompata mwizi mtaani kabla polisi hawajafika. Nilitaka kujieleza, lakini kilichonitoka kilikuwa Kiswahili, na nilivyozidi kukisema ndivyo walivyozidi kusogea. Kiingereza changu chote cha kujibia mitihani kilinikimbia. Niliamini nitafia pale, na mama ataambiwa mwanawe alikuwa mwizi.

Aliyeniokoa alikuwa jirani wa yule bibi, mke wa polisi, mtu wa kaskazini, aliyekuja na beseni kichwani badala ya mwavuli. Akasimama kati yangu na wale wanaume.

"Wewe natoka wapi?"

"Tanzania, mama. Nasoma Kyambogo. Nilitaka kujikinga na mvua tu."

Alinitazama viatu, akanitazama uso, kisha akawageukia na kusema nao Kiganda kwa muda mrefu. Tofali likawekwa chini, bila haraka.

"Hapa kwetu, Kiswahili kwa geti ni ya watu ya bunduki," akaniambia. "Bwana yake huyu bibi, jjajja yetu, zamani, maaskari waliita yeye hivyo hivyo. Fungua. Akafungua. Walienda na yeye, hakurudi."

Akamwita bibi kwa upole, geti likafunguliwa, tukaingia kibarazani. Nilichuchumaa mbele ya bibi ili nisionekane mrefu. Niliomba radhi kwa kunong'ona, maana sasa niliogopa mdomo wangu mwenyewe, na mke wa polisi akatafsiri. Hatimaye bibi akauliza jambo, likatafsiriwa.

"Nauliza, kwenu hata mutoto mudogo nabembelezwa na hii Kiswahili?"

"Ndiyo, bibi. Mama yangu alinibembeleza kwa hicho hicho."

Bibi hakuamini. Akataka nimwimbie. Nikaimba alichokuwa akiniimbia mama nikikataa kulala, sauti ikinikwaruza, nusu nikiimba nusu nikilia, mtu mzima na ndevu zangu. Alisikiliza hadi mwisho, lakini macho yake hayakutoka getini.

Mvua ilipopungua nikasimama niondoke. Bibi akasema kitu, na mke wa polisi akasita kidogo kabla ya kunitafsiria.

"Nasema wimbo ni muzuri. Lakini ukifika pale kwa geti, usiage na hiyo lugha. Punga mukono tu."

Nikafika getini, nikapunga mkono.