Bonde Lisilotumika

Chubwi.

Hivyo ndivyo muhogo uliomenywa unavyolia ukitupwa kwenye maji yaliyosimama. Jiwe hupiga maji na kuyatoboa; muhogo huzama taratibu, kama mtu anayekijua kitanda chake. Domitille Ndaya alikulia ndani ya sauti hiyo. Mama yake alikuwa akitupa, naye akiwa amechutama kwenye ukingo wa shimo akingoja tone la maji limrukie usoni.

Kwao ni Kalukamba, kijiji kilicho pembeni ya njia ya Kolwezi kwenda Sandoa. Muhogo wa huko ni mchungu, una sumu. Hauliwi mpaka ulale majini siku kadhaa, ulainike, uvunde kidogo. Ndipo huanikwa, ukatwangwa, ukawa unga wa bukari, ugali wa huko. Kwa kazi hiyo wanawake wamechimba mashimo katika tope la kijito cha bondeni, kila mmoja na lake. Chifu hagawi mashimo hayo wala hakuna anayeyauza. Mama humwachia binti yake. Wanaume hawashuki huko, kwa kuwa wanawake huingia majini wamefunga nguo viunoni, na mwanaume mwenye adabu akipita juu ya kilima hutazama upande wa pili.

Mama yake alipofariki, mjomba alimchukua Domitille akasome Kolwezi. Siku ya kwanza darasani, msichana aliyekaa naye dawati moja aliziba pua. Maji ya muhogo yana harufu kali, nayo huingia kwenye kucha na kukaa. Kufikia mapumziko alikuwa amepewa jina: Maji-ya-Muhogo. Alisugua mikono kwa limau mpaka ikachubuka. Harufu iliisha baada ya wiki chache, ila jina lilimfuata hadi mwaka wa diploma, na yeye akajifunza kusema kwamba kwao ni "upande wa Sandoa", bila kutaja kijiji.

Alisoma vizuri. Akapata kazi katika ofisi ndogo ya washauri inayoandika mipango ya maendeleo. Mkuu wa ofisi, patron wake Philippe, alikuwa mtu wa heshima, mwenye kuamini kweli kile alichokuwa akikisema: kwamba shaba na kobalti zitakwisha siku moja, na siku hiyo jimbo la Lualaba litalazimika kula kilichobaki juu ya ardhi. Kwa hiyo walipopewa kazi ya kupanga uchumi wa vijiji, walichagua nguzo zake: muhogo, asali, na samaki wa kufuga. Kolwezi inakula samaki wengi sana, karibu wote ni wa barafu kutoka mbali, wale waitwao tomson. Kwa nini wasitoke Kalukamba?

Timu ilipofika kijijini, mama yake mdogo, Mpoyi, hakuwepo. Alikuwa amekwenda matanga Dilolo. Domitille alishukuru kimoyomoyo. Chifu Ngeleka aliwapandisha kilimani, akanyoosha kidole bondeni huku uso ukitazama kwingine.

"Na kule chini kuko nini?" Philippe aliuliza.

"Kule? Kule hakuna kitu, patron. Ni mambo ya bamama."

Wanaume wakacheka. Domitille hakucheka. Upepo ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, na pamoja nao ile harufu. Fundi wa vipimo akakunja pua, akauliza ni mnyama gani aliyekufa huko. Philippe akamgeukia Domitille, akamwuliza kwa Kifaransa, ili chifu asielewe: "Wewe ni mtoto wa hapa. Lile bonde linatumika?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Angesema mashimo, angelazimika kueleza tope, na uvundo, na shimo ambalo lilikuwa lake yeye mwenyewe. Angekuwa tena Maji-ya-Muhogo mbele ya wakubwa.

"Hapana," alijibu.

Kwenye ramani aliandika: bonde lisilotumika. Kwa Kifaransa maneno hayo yalisikika safi, kama yameoshwa.

Mradi ulikubaliwa. Trekta ilikuja kiangazi, ikafuta tope, ikajenga kingo, na mabwawa mazuri yakajaa maji. Wanawake walipiga kelele. Wakaambiwa kazi imepitishwa Kolwezi, imeandikwa. Picha ya bwawa la kwanza ilitundikwa ofisini. Domitille alibadili kiti chake ili aipe mgongo, akasema mwanga wa dirisha unamuumiza macho.

Mwaka uliofuata Philippe alimtuma Kalukamba peke yake. "Watakusikiliza wewe," alisema. Awamu ya pili ilikuwa inaanza: mabwawa mengine, katika bonde la Kasele, nyuma ya kilima. Yeye ndiye aliyetakiwa kuitangaza.

Safari hii mama mdogo Mpoyi alikuwepo. Alimpokea barabarani kwa vigelegele, akamkumbatia, akamnusa shingoni kama mtoto mchanga, kisha akamnyang'anya mkoba na kuubeba mwenyewe. Ramani iliyokunjwa ilikuwa imechomoza nje ya mkoba, nayo ikawa inampiga mama mdogo begani kila alipokanyaga.

Wanawake walikuwa wamekusanyika nyuma ya nyumba. Bukari ililetwa imefunikwa kwa sahani, nyeupe mno, na sombe, majani ya muhogo, pembeni. Domitille alimega, akaonja, akajua. Ilikuwa ya mahindi.

"Kula, mutoto ya Kolwezi!" alisema Numbi, jirani ambaye ulimi wake ulijulikana hadi Tenke. "Leo tunakupikia bukari ya duka. Na sisi tumekuwa bamadame!"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Madame gani? Madame mwenye kubeba muhogo kwa kichwa mupaka Kasele?"

"Kasele?" Domitille aliuliza.

"Sasa tuloweke wapi, mama? Kwa kitanda?" Numbi alijipangusa midomo. "Tunapanda kilima, tunashuka. Bamama ba Kasele banatuachia mashimo kisha bao kumaliza. Na namna banatuita! Unajua? Bakimbizi ba muhogo. 'Bakimbizi banafika, ficheni sabuni!'"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mama mmoja alieleza kwamba wagonjwa na wajawazito hawakiwezi kile kilima, na kwamba kuna walioanza kuutoa muhogo majini kabla ya wakati, kwa kuchoka, na watoto wakatapika.

"Na ile samaki?" Domitille aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Iko. Inanona. Gari inakuja kuikamata, inakwenda. Samaki si mubaya, mama. Mubaya ni ule mutu aliandika eti kwetu hakuna kitu." Numbi alimtazama. "Wee unamujua?"

Chifu Ngeleka, aliyekuwa ameketi mbali kidogo kwa heshima, alikohoa, akaanza kuchunguza ncha ya fimbo yake.

Kabla Domitille hajafumbua mdomo, mama mdogo Mpoyi aliinua mkono. "Nyamazeni. Mutoto wangu alikuja na bale batu, nilisikia. Lakini yeye alibeba makaratasi tu. Bakubwa hawakumuuliza. Kama bangemuuliza, angesema! Shimo ya mama yake iko mule."

Wote wakaitikia: kweli, angesema. Mmoja akamwongezea sombe kwenye sahani.

"Basi mupelekee maneno," alisema Numbi. "Ule mutu. Umwambie sisi hatumulaani. Umwambie aje tu akule na sisi. Akikula na sisi, ataona haya yeye mwenyewe."

Domitille alikula mpaka sahani ikaisha. Lilikuwa jambo pekee aliloweza kuwafanyia.

Chifu alipouliza ni habari gani aliyotoka nayo Kolwezi, alisema amekuja kusalimia. Akauliza wapi simu inashika. Wakamwonyesha kichuguu kikubwa nyuma ya mashamba, kilichokanyagwa hata kikawa na ngazi, kwa kuwa kijiji kizima hupigia simu hapo. Mama mdogo akamsindikiza.

Njia ilipita juu ya kingo za mabwawa. Maji yalikuwa ya kijani, samaki wakitoa vinywa na kuvirudisha. Mama mdogo alisimama kwenye ukingo wa pili, akanyoosha kidole katikati ya maji, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote.

"Shimo yenu ilikuwa pale," alisema. "Kila kiangazi nilikuwa naondoa matope, nasema Ndaya atarudia siku moja. Naye hana mikono ya kuchimba tena, mikono yake ni ya ofisi. Akute tayari."

Domitille alivua viatu vyake vya mjini, mama mdogo akavipokea, naye akapanda kichuguu kwa miguu mitupu.

Philippe alipokea mara moja. "Umetangaza? Wanasemaje?"

"Sijatangaza. Bonde la Kasele litolewe kwenye mpango, patron. Linatumika. Wanawake wanaloweka muhogo humo, wa vijiji viwili."

"Chifu hakulisema hilo."

"Chifu hashuki kule."

Philippe hakuwa mjinga. "Na lile la kwanza? Lile la mabwawa?"

Chini ya kichuguu mama mdogo alikuwa akifuta vumbi kwenye viatu kwa upindo wa kitenge chake, kimoja kisha cha pili, akiviangalia kwa fahari.

"Lilikuwa hivyo hivyo," alisema Domitille.

"Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Philippe akasema, bila hasira, kwamba wataongea akirudi. Hivyo ndivyo alivyomwambia pia yule fundi wa vipimo, wiki ile alipomwondoa kazini.

Domitille alishuka polepole. Miguu ilikuwa myekundu kwa udongo, na hakuipangusa. Mama mdogo alimpa viatu. Alivishika tu mkononi. Wakaanza kurudi, mama mdogo mbele, yeye nyuma, kama zamani walipokuwa wakitoka majini na mabeseni yao. Walipofika tena kwenye ukingo, mama mdogo aligeuka.

"Ulikuwa unaongea na ule mutu? Ule aliandika?"

"Hapana, mama mudogo. Ule alikuwa patron."

"Basi utamupelekea lini maneno yetu?"

Samaki mmoja aliruka, akaanguka majini. Domitille alingoja mpaka maji yatulie. Akasema, kwa sauti ndogo hata mama mdogo akalazimika kusogea karibu:

"Alisikia, mama mudogo. Alikula bukari yenu."