Filimbi ya Babu

Babu yangu alikuwa gadi wa treni ya Pakwach, yule anayeiruhusu iondoke kwa filimbi na bendera, na filimbi yake bado ameificha kwenye kopo la majani ya chai. Wakati wa vita, serikali iliichukua treni iwe ya askari tu. Siku ya mwisho ya raia kupanda, mwanajeshi alimwamuru Babu apige filimbi waondoke, huku mdogo wake Babu akiikimbilia treni na godoro kichwani. Aliachwa, na hajaonekana tena. Ndiyo maana nyumbani kwetu, mtaani Oli, hakuna anayeruhusiwa kupiga hata mluzi.

Mimi nikaona huo ni mzaha unaonisubiri. Jumamosi mchana, Babu akisinzia barazani, niliitoa filimbi koponi nikaipuliza karibu na sikio lake.

Alisimama wima, mkono juu, kama ameshika bendera ya kijani. Nikacheka mpaka nikashika tumbo. Kisha akauliza, akitazama mbali kupita kichwa changu, "Ndugu yangu iko ndani?"

Kicheko kikakauka. "Iko, Babu. Amepanda. Na godoro yake."

"Basi piga, mjinga wewe. Treni iende."

Filimbi ilikuwa mdomoni. Mimi, ninayemwigiza hedimasta wa shule yetu mbele ya macho yake mwenyewe, nilikosa pumzi ya kuipuliza.