Amplifaya Niliyoikamua

Tangu amplifaya yetu iungue, mzee wangu hana muziki wa kumkalisha sebuleni, kwa hivyo ananifuata jikoni kukosoa chumvi. Juma lililopita nilifunga spika yetu moja kwa leso, nikaibeba kutoka Mukurweini hadi duka moja mjini Nyeri.

Muuzaji, kijana wa umri wa wajukuu wangu, akaweka mezani amplifaya ndogo kama mkate. Ikalia kwa spika za duka hadi vioo vikatetemeka.

“Shosho, umesikia nguvu?”

“Nimesikia spika zako. Sasa iunganishe na yangu.”

“Ati hii ya zamani? Haina haja.”

“Mimi nikinunua ng'ombe siangalii kiwele tu. Namkamua mwenyewe.”

Akacheka, akaunganisha. Nikainamisha sikio, nikazungusha kifungo polepole. Sauti ikatoka safi. Nikafungua mkoba.

Papo hapo akaanza kuirudisha kwenye rafu. “Ngoja nikuletee yako kutoka stoo. Iko kwa boksi, haijaguswa.”

Nikaushika waya. “Nifungie hii.”

“Lakini hii imeguswa na kila mtu, Shosho!”

“Kijana, siwezi kukamua ng'ombe mmoja, halafu niende nyumbani na ndugu yake.”

Sasa mzee yuko sebuleni. Chumvi ni ile ile, na hajalalamika.