Jina Lililomnyamazisha Mdogo Wangu

Utotoni mwangu kulikuwa na jina moja ambalo hatukuruhusiwa kulitaja karibu na moto: Ndeshi. Alikuwa mdogo wake bibi yangu mzaa baba, na alikufa kabla sijazaliwa. Bibi alisema ukilitaja jina hilo jikoni, moshi utakufuata wewe tu hata ukihama upande. Siku moja nikiwa peke yangu nikajaribu. Moshi ulinifuata, jamani. Leo najua moshi wa mafiga humfuata kila mtu, lakini siku ile nilitoka mbio nikajificha kwenye migomba mpaka nikaitwa kula.

Habari zake nilizipata kwa vipande vipande, kwa watoto wa kwao na bibi. Alizaliwa na nywele nyeupe kwenye paji la uso, kishungi kidogo tu, kama mtu aliyemwagiwa maziwa. Macho yake yalikuwa na rangi ya mbingu, naye ni mtu mweusi kama sisi. Hakusema neno hata moja maisha yake yote. Ukimwita kwa nyuma hageuki, lakini ukienda kwake, kabla hujafika mlangoni unamkuta ameshasimama anakungoja. Watu wakasema masikio yake yako chini kwa waliokufa, hao ndio wanaompa taarifa. Basi akajengewa kibanda cha peke yake, juu kabisa mlimani kwao na bibi, pale migomba inapoishia na msitu wa serikali unapoanza.

Nilipita pale mara moja nikiwa na bibi, tukitoka kwenye msiba. Ilikuwa asubuhi, lakini ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya kahawa. Kibanda kilikuwa kimeanguka, zimebaki nguzo mbili na figa moja. Bibi alinishika mkono akanivuta bila kutazama upande ule, na aliponiachia kiganja changu kilikuwa na alama za kucha zake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na dawa ya meno. Sisi tulikaa Kikwe, chini tambarare. Baba aliacha kulima mahindi peke yake akaanza kuuza mitumba mnadani Kikatiti. Mama, ambaye ni Mchaga wa Machame, alipata kazi mjini, Njiro, akiwafulia wazungu waliopanga nyumba yenye ukuta mrefu. Alipanda gari alfajiri, akarudi jioni na vidole vimekunjamana kwa maji. Pesa ile ndiyo iliyotuezekea bati, na hakuna aliyelalamika, mpaka alipozaliwa mdogo wangu.

Alizaliwa na kishungi cheupe kwenye paji la uso. Mwezi wa kwanza macho yake yalikuwa kama ya kijivu, watu wakasema tusubiri, yatabadilika. Yakabadilika kweli. Yakawa bluu, bluu ya madaftari.

Weee! Maneno yaliyosemwa pale kijijini sitayaandika yote. Akina mama walikuja kumwona mtoto wakiwa na ndizi na maziwa, wakamfunua, wakatazamana, wakamfunika. Hakuna aliyemtaja Ndeshi, kwa sababu pale Kikwe hakuna aliyekuwa amemwona kwa macho, nami niliogopa hata kulitaja jina lenyewe. Walichokijua ni kwamba mama anafua kwa wazungu. Baba mkubwa, kaka yake baba, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, ndiye aliyesema waziwazi: "Huyu si wetu. Shemeji arudi kwao Machame na mtoto wake."

Baba aliacha kula chakula alichopika mama, basi. Alikuwa akirudi na andazi lililofungwa kwenye gazeti, akalila nje kwenye gogo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kila nikirudi shuleni nilichungulia kwanza kama sanduku la mama bado liko uvunguni. Nilikuwa namchukia yule mtoto, nasema kweli.

Na mtoto mwenyewe alikuwa analia. Kila siku, kuanzia saa tisa mchana, kilio cha kukata roho. Kwetu zamani mtoto akilia hivyo waliitwa waliokufa. Wazee walimzunguka, wakataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Huyo ndiye aliyerudi. Sisi Walutheri hatukutakiwa kufanya hayo tena, lakini baba mkubwa akasema ifanyike Jumapili baada ya ibada, na mchungaji asiambiwe. "Akinyamazia jina letu, ni wetu. Akiyakataa yote, tumejua."

Mama alisema, "Mtoto anaumwa tumbo tu, mtamwuliza nini?" Lakini hakuwa na la kufanya. Ijumaa usiku alipanga nguo zake kwenye sanduku, nikamwona.

Jumapili hiyo asubuhi nilitumwa kuni nyuma ya zizi. Nikamkuta bibi amechuchumaa, amevua kitambaa chake cha kichwa. Sikuwahi kumwona bibi bila kitambaa, hata akiwa mgonjwa. Alikuwa na kipande cha kioo kwenye goti na sufuria kuukuu pembeni, anachukua masizi kwa kidole, anachanganya na mafuta ya mgando, anajipaka kwenye nywele za mbele. Upande aliokuwa hajaufikia ulikuwa mweupe pee. Kishungi. Pale pale alipokuwa nacho mtoto.

Nilidhani namwona Ndeshi mwenyewe amevaa nguo za bibi.

"Naisia. Umeona nini?"

"Sijaona kitu, bibi."

Akafunga kitambaa taratibu, akasema, "Una kile kioo alichokuletea baba yako?"

"Ninacho."

"Mchana kaa nacho kwenye dirisha la magharibi, jua linapoingia. Nikigonga fimbo mara mbili, mwelekezee mtoto mwanga usoni, uuchezeshe. Mtu anayetoka mbali anahitaji njia. Ukimwambia mtu yeyote, njia hiyo atapitia kwako."

Mnaonicheka mjue nilikuwa na miaka tisa.

Mchana walikaa wazee sita, mlango umefungwa. Mama alikuwa na mtoto mapajani, uso umemvimba kwa kulia. Baba alisimama kwenye kona, kipara chake kinang'aa. Baba yangu alinyolewa kipara tangu nimjue. Bibi ndiye aliyemnyoa, kwa wembe, kila Jumamosi, hata alipokuwa mtu mzima mwenye mke. Tuliona ni mapenzi ya mama kwa mwanawe wa mwisho.

Saa tisa ikafika, mtoto akaanza. Baba mkubwa akataja majina, kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo kanisani. Jina la babu. Jina la mama yake babu. Mashangazi waliokufa kwa surua. Kila jina likirudiwa mara tatu, na mtoto analia tu, amekuwa mwekundu, ngumi zimefumbwa. Majina yakaisha. Baba mkubwa akamgeukia mama, akafungua mdomo.

"Bado moja," bibi akasema.

Alisimama akiegemea fimbo yake. "La upande wangu mimi. Mlioa kwetu hamkuuliza, na mimi sikusema." Akagonga fimbo sakafuni, mara mbili. "Ndeshi."

Nilikuwa dirishani, nyuma ya migongo ya wazee, nikakielekeza kioo. Mwanga ukaruka ukutani, ukashuka, ukatua kwenye uso wa mtoto. Akanyamaza. Hakupunguza kwanza, alikata kilio katikati, akafumbua yale macho, akayakodoa kutafuta. Nikauchezesha mwanga, naye akaufuata, na halafu, Yesu wangu, akacheka.

Mzee mmoja alijisaidia palepale kwa hofu, sitamtaja jina. Bibi akasimulia kwa maneno machache: mdogo wake, nywele, macho, kibanda. Baba mkubwa akakaa chini kama aliyekatwa magoti. Baba akapita katikati ya wazee, akamchukua mtoto mikononi, mara ya kwanza tangu azaliwe. Jioni ile alikula makande ya mama, sahani mbili. Sanduku likarudi uvunguni.

Mama alipona. Mimi ndio nikaanza kuumwa.

Maana nilijua nimefanya nini. Nilimfungulia marehemu njia kwa kioo changu, akaingia kwa mdogo wangu. Na kila siku ilinipa ushahidi. Nilikuwa nasimama nyuma yake nanong'ona, "Ndeshi." Hageuki. Naita kwa nguvu, hageuki. Nikinyata bila viatu kwenye sakafu ya mbao, bila kutoa hata pumzi, alikuwa anageuka na kunitazama kwa macho ya bluu, kama alikuwa ananingoja. Tulilala kitanda kimoja. Nilitandika kanga katikati yetu, na asubuhi niliikuta imekunjwa chini yake. Hata kile kioo nilikitupa chooni.

Alipokuwa na miaka mitatu bado hasemi. Wakubwa walisema tumwache, masikio yake bado yako kule, yatakuja. Ni mama aliyechoka. Siku moja aliangusha sinia la bati nyuma yake makusudi, juu ya udongo laini, na mtoto akaendelea kumenya ndizi. Kesho yake akambeba mpaka hospitali mjini, nami nikafuata nimebeba mfuko. Daktari alimpima, akatazama kishungi, akatazama macho, akauliza, "Kuna mwingine kwenu wa namna hii?"

"Upande wa baba yake," mama akasema. "Marehemu."

Basi yule daktari akatueleza, na nadhani siku ile ndiyo nilipochagua kazi yangu, ingawa nilichukua miaka kujua. Sasa nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka nikifika mada ya urithi naieleza kama alivyotueleza. Mwili hujengwa kwa maagizo, na kila agizo unalo mara mbili, nakala ya mama na nakala ya baba. Kuna agizo moja linalosaidia kutuma chembe za rangi ziende zinakotakiwa: kwenye ngozi, kwenye nywele, kwenye macho, na, hili ndilo watu hawalijui, ndani kabisa ya sikio, maana bila chembe zile sikio halisikii. Nakala moja ikiharibika, baadhi haziendi. Inatosha kurithi kwa mzazi mmoja. Na agizo lile lile bovu halisemi kwa sauti moja kwa kila mtu: mmoja litamchukulia nywele tu, mwingine nywele na macho, mwingine na masikio pia. Kwa nini huyu hivi na yule vile, hata leo hatujajua yote. Kuna maagizo mengine yanayoliwasha na kulizima, kuna bahati tu. Wanafunzi huandika. Mimi huwa namwona bibi na sufuria yake ya masizi.

Ndeshi wa kwanza alikuwa kiziwi. Ndiyo yote. Alisikia hatua za watu kwa nyayo zake, kama mdogo wangu alivyonisikia mimi ninaponyata. Walimpeleka kukaa na ukungu kwa sababu hakusikia akiitwa.

Na bibi alijua. Hilo nililielewa taratibu. Siku zile, hata kabla ya hospitali, mdogo wangu akiwa mbali shambani, bibi hakumwita kwa mdomo kama sisi. Alichukua mfuniko wa sufuria akaukingia jua, mwanga ukampiga mtoto kifuani, naye akaja mbio. Hakuna aliyemfundisha, ndivyo alivyomwita mdogo wake walipokuwa wadogo, kabla ya kibanda. Basi alijua yule mtoto mchanga hatasikia jina lolote, hata wakitaja mababu mpaka asubuhi. Alijua pia kitakachomnyamazisha. Na alijua kwamba angeweza kumaliza kesi nzima kwa kuvua kitambaa tu mbele ya wazee sita, aseme: tazameni, kimetoka kwangu, na mwanangu ninayemnyoa kipara anacho pia. Hakuweza. Nilimkasirikia miaka mingi kwa hilo. Siku hizi nikikumbuka zile kucha kwenye kiganja changu, hasira inapungua. Haiishi.

Alikufa nikiwa kidato cha sita. Mama ndiye aliyetakiwa kumwosha pamoja na wake wa baba zangu wakubwa, nami nikamsaidia kubeba maji. Tulitangulia sisi wawili chumbani. Mama akafungua kile kitambaa. Bibi alikuwa ameugua wiki tatu bila kujipaka, na kishungi kilikuwa cheupe, hakina doa.

Mama alikitazama. Mimi nikatazama ndoo. Nilikuwa nimeitunza siri ile miaka kumi, na sikujua mama atafanya nini nayo: mwanamke aliyepangiwa kurudishwa kwao kama mzigo wa mitumba, na jibu lilikuwa chini ya kitambaa hiki muda wote. Sauti za wale wake wengine zilikuwa zimeshafika uani.

"Naisia," akasema, "nenda jikoni. Niletee sufuria, ile nyeusi kuliko zote."

Nikaleta. Akachovya kidole kwenye masizi, akampaka polepole, unywele kwa unywele, mpaka kishungi kikawa cheusi. Kisha akafunga kitambaa, akaosha mikono, akasema, "Wafungulie."

Kishungi changu mimi kilianza kutokea nikiwa na miaka ishirini na sita, upande wa kushoto. Mdogo wangu Ndeshi, ambaye ni fundi cherehani mjini na anasuka nywele zake wazi hata wateja wakimkodolea, alipokiona alikivuta kwa vidole viwili akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikipaki kitu.