Kunde Nyeupe kwenye Shamba la Mavyaa

Nilipoolewa bara, upande wa Kinango, nilitoka kwetu Msambweni na kunde za mama yangu, nyeupe kama mchele. Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa na zake nyeusi tii. "Huku jua ni kali, mwanangu," aliniambia. "Hizo zako hazitatoka." Hata hivyo alinikatia kipande kando ya mistari yake, na zikatoka.

Mama alifariki. Mwaka uliofuata mvua ilikata, mbuzi wakavunja ua, wakala kipande changu chote. Nikakimbilia mbegu za akiba. Wadudu walikuwa wamezitoboa, zimebaki vumbi. Nikaulizia Msambweni, hakuna aliyekuwa nazo tena. Nililia jikoni, huku nikiona haya kulilia kunde. Mavyaa alinikuta. Alinipimia nyeusi zake, akaniwekea mapajani.

Nikazipanda, nikavuna nyeusi, nikapanda tena. Wakati wa mavuno hayo ya pili akaniita kwa sauti kutoka shambani.

"Umechanganya mbegu?"

"La, mama. Zote ni zako."

Akanionyesha ganda alilolipasua. Ndani mlikuwa na kunde nyeupe. Tukapasua maganda yote ya mmea ule, yote meupe ndani. Mimea ya kando yake, nyeusi tupu.

Wifi yangu, aliyesomea kilimo, alitueleza siku alipokuja kututembelea. Nyuki walikuwa wamebeba chavua kutoka kunde zangu hadi za mamake. Watoto wa kunde hizo walitoka weusi, kwa kuwa weusi hufunika weupe, lakini weupe haukupotea. Uliwangoja wajukuu.

"Kumbe nilikuwa nikizilea kunde za mamako," mavyaa akasema, "na mimi sina habari!"

Masika iliyofuata nilizipanda zile nyeupe pekee. Zikazaa nyeupe, zote. Lakini kunde za mama zilikuwa zikisimama wima, na hizi zilitambaa chini, zikashika ardhi kama za mavyaa. Nilichuchumaa pale nikizitazama kwa muda. Nilitaka kurudishiwa za mama vilevile zilivyokuwa, na nikajua haitakuwa. Sikuhuzunika kama nilivyodhani.

Mavyaa alisimama nyuma yangu na ungo wake.

"Niachie kidogo za kupanda," akasema. "Hizi zitalivumilia jua."