Vitambaa vya Kompyuta

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kikao cha wazazi, shule ile ile ya Kariakoo niliyosoma mimi na sasa anasoma binti yangu. Mwalimu mkuu akafungua kabati la ofisini, akatuonyesha vishikwambi walivyoletewa watoto. Bado vimo kwenye maboksi yake. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilipiga mawili nikaacha, maana hadithi hii naijua.

Enzi zetu zilikuwa kompyuta. Zilikuja tukiwa darasa la sita, zikapangwa kwenye chumba kilichokuwa stoo, dirisha linatazama njia ya wauza vitunguu. Tukaambiwa zisiguswe mpaka mgeni rasmi aje kuzizindua. Zisije zikaingia vumbi, shule ikamwomba bibi yangu afume vitambaa vya kuzifunika, kama alivyofuma vya redio na televisheni za nusu ya mtaa wetu. Bibi akaingia mle na uzi wake, akazipima moja moja. Hebu fikiria, mimi mwanafunzi nachungulia dirishani, bibi asiyejua kusoma ndiye anazishika.

Mwalimu wetu wa sayansi hakuweza kukaa tu. Aliokota maboksi ya sabuni kwenye maduka ya jumla, akayakata, akachorea kila kundi kibodi kwa kalamu nene. Watoto watano, kibodi moja. Mmoja anataja neno, mmoja anabonyeza, wengine tunamkodolea macho vidoleni, akikosea tunamrudisha mwanzo. Mvivu hakuwa na pa kujificha. Darasa zima lilinukia sabuni, na mpaka leo nikifua vidole vinaanza kutafuta herufi.

"Mkizipata zile zenyewe," mwalimu alituahidi, "kila mtu atachapa jina analolitaka kwenye karatasi, aende nalo nyumbani."

Mimi nilichagua jina la bibi. Nilimwambia jioni moja akigeuza chapati. Akacheka, akasema nisimdanganye mtu mzima. Kesho yake nikakuta ameshusha kalenda ukutani, kaacha msumari wazi.

Mgeni rasmi akaahirisha. Akaahirisha tena. Kila mara tunatolewa darasani kufanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha, tunafagia, tunamwagia uwanja maji, halafu inakuja simu kwamba amepata dharura. Siku moja mwalimu wetu akaenda kuomba ufunguo wa stoo, akarudi mikono mitupu. Sijawahi kuona mtu mzima akikasirika namna ile. Alichukua dasta akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Tukamaliza la saba hatujagusa hata moja. Nilimwambia bibi asubiri kidogo, labda watatuita. "Sawa, mjukuu wangu," akanijibu, na kalenda hakuirudisha. Alifariki msumari ukiwa mtupu. Kompyuta zenyewe nasikia zilibebwa na wanunuzi wa chuma chakavu, vitambaa vikiwa juu yake.

Inaniudhi, sikufichi. Leo kazini nachapa kwa vidole vyote kumi, na nilijifunzia kwenye boksi la sabuni pamoja na wenzangu wanne. Mwalimu alishahamishwa, wauza vitunguu wamesogezwa, mtaa wetu umekuwa maghorofa ya maduka tu. Kila kitu kimeondoka, isipokuwa ile tabia ya kufungia vitu kabatini.

Basi pale kikaoni nikanyoosha mkono, nikauliza watoto wataanza kuvitumia lini.

"Tuvute subira kidogo, mama," mwalimu mkuu akasema kwa upole. "Tunamsubiri mgeni rasmi."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Binti yangu alikuwa anaosha vyombo huku anaimba, nikasimama mlangoni kusikiliza. Ni wimbo ule ule, wamebadilisha cheo cha mgeni tu. Alipofika ubeti wa pili akakwama, na mimi, kabla sijajizuia, nikamtajia maneno.